Jinsi ya kutoa jelatini inayoganda vizuri kwenye ngozi ya sangara

Watu wananiuliza mbona jelatini yao inabaki kama uji tu, nikiuliza iliivaje naambiwa ilikaa kwa sigiri ikachemka asubuhi mpaka jioni. Hapo ndo nguvu inaishia. Moto mkali unatoa nyingi na haraka, sikatai, ila unakatakata kolajeni, yaani protini ya ngozi inayogeuka jelatini, mpaka vipande vinakuwa vifupi havishikani tena.

Mimi natumia sangara, mputa kama tunavyomwita huku, ngozi zake zinapatikana viwanda vya minofu na kwenye mialo, tena Waislamu wanakula bila wasiwasi. Ya ng'ombe inafaa pia lakini lazima ilale kwenye chokaa wiki kadhaa. Mabaki ya ngozi iliyoshapitia kromu, ile ya viatu, usiguse kabisa kama ni ya kula.

Hatua ya 1: ngozi iwe mbichi, iliyokaa kwenye barafu. Para magamba, kwangua nyama na mafuta yote (sangara ana mafuta balaa), katakata vipande vya sentimita 2 au 3, osha kwa maji baridi yenye chumvi kidogo halafu suuza.

Hatua ya 2: hii usiiharakishe. Kilo 1 ya ngozi, maji baridi lita 3, asidi ya sitriki gramu 6. Loweka usiku kucha mahali pa baridi, ukipima pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi ni kali zaidi) iwe karibu na 3, ikipanda sana mwaga utengeneze maji mengine. Asubuhi utakuta vipande vimevimba na vinateleza, ndo dalili nzuri. Suuza mara kadhaa mpaka pH ipite 4, maana ukipasha moto na asidi kali bado imo unajiharibia mwenyewe.

Hatua ya 3: maji mara mbili ya uzito wa ngozi, sufuria ndani ya sufuria, makaa machache, kipimajoto kisitoke humo. Nyuzi 50 hadi 60, saa 5. Chuja, hiyo ndo ya kwanza, iweke peke yake. Ongeza maji mengine, panda mpaka 70, chuja tena. Utafiti wa sangara wa John Muyonga wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, na wenzake, uliotoka 2004, nao ulipanda hivyohivyo kwa awamu, 50, 60, 70. Masalia ukitaka yachemshe, utapata gundi.

Kuchuja ni kitambaa safi kilichokunjwa, usikamue, ukikamua inakuwa na ukungu. Mafuta yakielea juu engua.

Hatua ya 4, kukausha, hapa joto letu linasumbua: jelatini ya samaki inayeyuka mapema kuliko ya ng'ombe, kwa hiyo usisubiri igande mezani. Mimina nyembamba kwenye trei ya plastiki, feni ipulize, joto lisizidi 40, na iwahi kukauka maana ikichelewa inanuka. Msimu wa mvua tumia kikaushio.

Kupima nguvu ya kuganda: gramu 7.5 za jelatini kavu kwenye maji mililita 105, iache ilowe, yeyusha kwa maji ya moto chini ya 65, weka kwenye friji nyuzi 10 kwa saa 16 hadi 18. Bonyeza kwa kidole jelatini ya mchujo wa kwanza na ya mchujo wa pili uone tofauti, na hiyo tofauti ndo bei yako, usizichanganye.