Fizi zikivimba na kutoa damu

Wengi wakiona damu kwenye mswaki huacha kupiga mswaki upande ule. Hapo ndipo mambo huharibika, kwani kinachochokoza ufizi ni utando laini wa bakteria unaoganda pale jino linapoingia kwenye nyama. Usipoondolewa, uvimbe hauishi.

Chukua mswaki wenye nywele laini. Ulaze kwa mshazari, nusu ya nywele zikigusa jino na nusu zikigusa ukingo wa ufizi, kisha utikise taratibu kwa miduara midogo. Nywele zikitawanyika baada ya wiki chache tu, unakandamiza mno. Fanya hivyo dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Tema, usisukutue kwa maji mengi. Kati ya meno pitisha uzi wa meno mara 1 kwa siku, ukiukunja kulikumbatia jino. Kijiti cha kuchokolea hutoa mabaki ya chakula tu, utando hubaki.

Maji ya chumvi (nusu kijiko cha chai kwa glasi ya maji ya vuguvugu) hutuliza maumivu, hayatibu. Karafuu iliyosagwa usiibandike kwenye kidonda, huunguza.

Damu hupungua ndani ya wiki 1 hadi 2. Isipopungua, huenda kuna ugaga (utando ulioganda ukawa mgumu kwenye jino), nao hautoki kwa mswaki: mwone daktari wa meno akukwangue. Usaha, jino kulegea, au uvimbe wa shavu wenye homa, nenda siku hiyohiyo.