Kuandika mlinganyo wa mstari mnyoofu kwa nukta moja na mteremko

Vijana ninaowafundisha hesabu jioni hapa Kirumba huja wakiwa wameshakariri y = mx + c, ambapo m ni mteremko na c ni thamani ya y pale x ikiwa 0. Swali likiwapa nukta na mteremko tu, wanakwama kwa sababu c hawaioni. Huwa nawaambia waiache kwanza hiyo c, washike maana ya mteremko: badiliko la y gawanya kwa badiliko la x. Kwenye mstari mnyoofu jibu hilo halibadiliki, upimie popote.

Chukua mtumbwi wa dagaa wenye injini inayokula lita 4 za petroli kwa saa. Baada ya saa 2 za safari, kwenye tenki zimebaki lita 14. Tuseme x ni saa zilizopita na y ni lita zilizobaki. Nukta yetu ni (2, 14), na mteremko ni −4. Alama ya kutoa ni lazima, maana mafuta yanapungua.

Sasa weka nukta nyingine yoyote ya mstari huo, uiite (x, y). Mteremko kati yake na nukta yetu ni:

(y − 14) / (x − 2) = −4

Zidisha pande zote kwa (x − 2):

y − 14 = −4(x − 2)

Mlinganyo umeshapatikana. Kilichobaki ni kuupanga:

y − 14 = −4x + 8
y = −4x + 22

Itazame vizuri hiyo 8. −4 mara −2 ni 8 chanya, na wengi huteleza hapo. Kisha itazame 22: ndizo lita zilizokuwamo mtumbwi ulipotoka mwaloni. Ile c imejitokeza yenyewe! Ukiweka y = 0 unapata x = 5.5, yaani tenki litakauka baada ya saa tano na nusu za safari, na nahodha anapaswa kugeuza mapema kabla ya hapo.

Hakiki kwa kurudisha x = 2: −8 + 22 = 14. Sawa.

Nukta ikiwa na namba hasi, andika mabano kabla ya kuingiza namba. Kwa (−3, 4) na mteremko 2/3:

y − 4 = 2/3(x − (−3))
y − 4 = 2/3(x + 3)

Ondoa sehemu mapema, zidisha kote kwa 3:

3y − 12 = 2x + 6
2x − 3y + 18 = 0

Mstari wa wima hauna mteremko, kwa hiyo njia hii haiufai. Ukipita kwenye (5, 1), andika tu x = 5.