Draiva Isipopakiwa: Kutafuta Hitilafu Katika Moduli za Kerneli ya Linux

Kompyuta ilisasishwa jana usiku na leo imewaka bila tatizo, lakini Wi-Fi haipo kabisa, kiasi kwamba hata jina la kadi halionekani kwenye orodha ya mitandao. Mtu akifika hapo hushawishika kupakua draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kwanza anayoiona na kuisakinisha, kisha ya pili, na jioni hujikuta na moduli tatu, yaani draiva zinazopakiwa ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), zinazogombea kadi moja. Mwongozo huu unafuata njia ya polepole kidogo: kabla ya kusakinisha chochote, tujue kwanza ni hatua ipi iliyokwama. Ili kifaa kifanye kazi, kerneli lazima ikione, itambue moduli inayokifaa, ilikute faili la moduli hiyo katika saraka yake, ikubali kulipakia, na mwishowe moduli yenyewe ikishike kifaa na kukipa firmwea (programu ndogo ya kifaa chenyewe) kinayoihitaji. Hatua yoyote kati ya hizo ikikatika, mtumiaji huona jambo lilelile moja, yaani kifaa kimekufa, ilhali tiba zake ni tofauti kabisa.

Tuanze na swali la kama kifaa kinaonekana. Kwa vifaa vilivyo ndani ya kompyuta tumia `lspci -nnk`, na kwa vile vya USB tumia `lsusb`. Amri ya kwanza hutoa maelezo ya aina hii:

```
02:00.0 Network controller [0280]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. RTL8821CE 802.11ac PCIe Wireless Network Adapter [10ec:c821]
        Kernel modules: rtw88_8821ce
```

Namba zilizo katika mabano ya mwisho, hapa `10ec:c821`, ndizo kitambulisho halisi cha kifaa: nne za mwanzo ni za mtengenezaji na nne za mwisho ni za kifaa chenyewe. Ukitafuta msaada, tafuta kwa namba hizo, kwa sababu jina la biashara lililochapwa kwenye boksi linaweza kubaki lilelile huku chipu iliyo ndani ikibadilishwa. Jambo la pili la kutazama ni kile kisichokuwepo. Kifaa kinachofanya kazi huwa na mstari wa `Kernel driver in use`, unaotaja draiva iliyokishika. Katika mfano huu mstari huo haupo, upo wa `Kernel modules` peke yake, maana yake kerneli inaijua moduli inayofaa lakini moduli hiyo ama haijapakiwa au imepakiwa na ikashindwa kukishika kifaa. Mistari yote miwili ikikosekana, kerneli hii haina moduli yoyote inayodai kukijua kifaa hicho. Na kifaa kisipoonekana kabisa katika orodha, acha habari ya moduli. Kagua mipangilio ya BIOS, kebo, au namna kadi ilivyokaa katika nafasi yake. Kwa USB, ujumbe wa `device descriptor read/64, error -71` kwa kawaida huelekeza kwenye kebo, tundu au umeme usiotosha. Zipo pia adapta za Wi-Fi ambazo zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski yenye draiva za Windows. Ukiona `0bda:1a2b` katika `lsusb`, kinachohitajika ni kifurushi cha `usb-modeswitch` cha kuigeuza, na hakuna moduli itakayosaidia kabla ya hapo.

Ukitaka kuona jinsi kerneli inavyooanisha kifaa na moduli, soma faili la `modalias`, lenye utambulisho wa kifaa hicho, kisha uiulize `modprobe`, amri ya kupakia moduli, jina linalolingana nalo:

```
modprobe -R "$(cat /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/modalias)"
```

Jibu hutoka katika faili la `modules.alias`, ambalo hutengenezwa na amri ya `depmod`. Ikiwa unajua kwamba moduli ipo kwenye diski lakini amri hii hairudishi kitu, endesha `sudo depmod -a` kisha ujaribu tena.

Sasa tufike kwenye hitilafu inayowasumbua wengi kuliko zote, ile ya moduli kutopatikana:

```
modprobe: FATAL: Module rtw88_8821ce not found in directory /lib/modules/...
```

Usipite haraka juu ya njia iliyotajwa mwishoni mwa ujumbe huo. Kila toleo la kerneli lina saraka yake ndani ya `/lib/modules`, na `modprobe` hutafuta katika saraka ya kerneli inayoendesha mashine wakati huo, hata kama kuna nyingine mpya zaidi pembeni. Linganisha jibu la `uname -r` na orodha ya `ls /lib/modules`. Katika Arch Linux, kwa mfano, kusasisha kerneli huondoa moduli za toleo la zamani papo hapo, na hadi utakapowasha upya, mashine huendelea na kerneli ambayo moduli zake zimeshatoweka. Ndiyo maana flashi huweza kukataa kufunguka dakika chache tu baada ya kusasisha: moduli ya mfumo wake wa mafaili ilikuwa bado haijapakiwa, na sasa haipo tena. Kuwasha upya humaliza jambo hilo.

Kuna wakati hata kuwasha upya hakumalizi. Niliwahi kupoteza nusu siku na mashine iliyokosa sauti, Wi-Fi na tachipadi kwa mpigo mmoja, nami nikaiwasha upya mara nne bila faida. `uname -r` ilitaja toleo moja, `/lib/modules` ilikuwa na jingine, na tofauti hiyo haikuondoka. Chanzo kilikuwa kizigeu cha `/boot`, yaani sehemu ya diski inayobeba kerneli, ambacho hakikuwa kimeunganishwa wakati wa kusasisha, hivyo kerneli mpya iliandikwa katika saraka tupu ya diski kuu, huku mashine ikiendelea kuwaka kwa kerneli ya zamani iliyobaki katika kizigeu halisi. Tiba ilikuwa kukiunganisha kizigeu na kusakinisha upya kifurushi cha kerneli, kazi ya dakika mbili. Tangu siku hiyo, nikiona vifaa vingi visivyohusiana vikifa pamoja, huwa silaumu draiva yoyote kabla ya kulinganisha namba hizo mbili.

Ikiwa matoleo yanalingana na bado moduli haipo, kuna uwezekano wa aina mbili au tatu. Huenda draiva imejengwa ndani ya kerneli yenyewe, na kwa hiyo haina faili la kupakia. Tafuta jina lake katika `/lib/modules/$(uname -r)/modules.builtin`. Huenda imewekwa katika kifurushi cha ziada, kama Ubuntu inavyofanya kwa `linux-modules-extra`, ambacho mara nyingi hukosekana kwenye mashine pepe na seva zilizosakinishwa kwa ufinyu. Au huenda waliojenga kerneli hiyo hawakuichagua kabisa, jambo linaloweza kuthibitishwa kwa kutafuta jina la chaguo lake katika `/boot/config-$(uname -r)`, ambapo `=m` humaanisha moduli, `=y` humaanisha imejengwa ndani, na `is not set` humaanisha haikujengwa.

Moduli ikiwepo lakini ikakataa kupakiwa, endesha `sudo modprobe` ukiitaja kwa jina, kisha papo hapo soma `sudo dmesg | tail -n 30`, yaani mistari ya mwisho ya ujumbe wa kerneli. Maneno yanayorudishwa ni mafupi, lakini kila moja lina maana yake. `Exec format error` mara nyingi humaanisha kwamba moduli ilijengwa kwa ajili ya kerneli nyingine. Amri ya `modinfo -F vermagic` ikifuatwa na jina la moduli itakuonyesha ni ipi. Ndiyo sababu kunakili faili la moduli (`.ko`) kutoka mashine ya jirani hakufui dafu. `Unknown symbol in module` hueleza kwamba moduli inahitaji fanksheni iliyomo katika moduli nyingine ambayo haikupakiwa, na hutokea zaidi kwa anayetumia `insmod`, ambayo haifuatilii utegemezi kama `modprobe` inavyofanya. `No such device` hutoka kwa moduli yenyewe, ambayo imetazama na haikukuta kifaa inachokijua. Hapa huenda umekosea moduli.

`Key was rejected by service` na `Required key not available` ni habari nyingine. Secure Boot, kinga inayokubali tu programu zenye sahihi inayoaminika, ikiwa imewashwa, kerneli za distro nyingi (aina za Linux kama Ubuntu na Fedora) hukataa moduli isiyo na sahihi ya ufunguo unaoaminika, na wanaokumbwa na hili ni wale waliojijengea draiva wenyewe au kupitia DKMS, ambayo tutaieleza hapa chini. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`. Njia ya mkato ni kuzima Secure Boot katika BIOS, lakini mimi sioni sababu ya kuondoa kinga hiyo wakati kusajili ufunguo huchukua dakika chache: endesha `sudo mokutil --import` ukitaja faili la ufunguo, ambalo katika Debian 12 kwa kawaida ni `/var/lib/dkms/mok.pub`, weka nywila ya muda, kisha uwashe upya. Kabla mfumo haujaanza utakuta skrini ya bluu. Chagua `Enroll MOK` na uandike nywila ileile. Wengi huiruka skrini hiyo kwa kudhani ni hitilafu, halafu hushangaa kwa nini hakuna kilichobadilika.

Kuhusu DKMS, ambayo kazi yake ni kuijenga upya draiva ya nje kila kerneli mpya inaposakinishwa, anza na `dkms status`. Ikiwa toleo unalotumia halimo katika orodha, mara nyingi kilichokosekana ni mafaili ya vichwa vya kerneli: `linux-headers-$(uname -r)` kwa Debian na Ubuntu, au `kernel-devel` ya toleo hilohilo kwa Fedora. Yasakinishe, kisha endesha `sudo dkms autoinstall`. Vichwa vikiwepo na ujenzi ukashindwa, fungua `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms` na usome kosa la kwanza, kwa kuwa yanayofuata mara nyingi ni mikia yake. Ukikuta `implicit declaration of function`, karibu kila mara kerneli imebadilika na msimbo wa draiva umebaki nyuma, na hapo utahitaji toleo jipya la draiva au kerneli ya awali. Kabla ya kuhangaika nayo, angalia kama kerneli yenyewe haina tayari draiva ya kifaa hicho. Kwa RTL8821CE, kwa mfano, watu wengi bado husakinisha moduli ya nje iitwayo `8821ce` ilhali `rtw88_8821ce` imo ndani ya kerneli, na zote mbili hutaka kadi ileile.

Mgongano wa aina hiyo hutatuliwa kwa kuizuia moja kupitia faili ndani ya `/etc/modprobe.d`, kwa mstari wa `blacklist` na jina la moduli. Fahamu kwamba neno hilo huzuia tu upakiaji wa kiotomatiki. Moduli bado itaingia ikiitwa kwa jina lake au ikihitajiwa na nyingine. Kinyume chake pia hutokea: moduli nzuri haipakiwi kwa sababu kuna mstari uliosahaulika wa kuizuia. `modprobe -c | grep blacklist` huifichua yote.

Mwisho wa mnyororo ni firmwea, ile programu ndogo inayoingizwa ndani ya kifaa chenyewe. Hapa `lsmod` inaonyesha moduli imepakiwa vizuri, lakini kifaa hakifanyi kitu, na `dmesg` ina mstari wa `Direct firmware load for ... failed with error -2`. Namba -2 ina maana moja tu, faili halipo, na jina lake limeandikwa palepale. Sakinisha kifurushi cha firmwea kinacholibeba, ambacho kwa Debian kimo katika sehemu ya `non-free-firmware` tangu toleo la 12 la mwaka 2023. Usitishwe na mistari kadhaa ya namna hiyo kutoka `iwlwifi`, kwa sababu draiva hiyo huanza na toleo la juu kabisa la firmwea na kushuka moja moja. Ikiwa chini yake kuna `loaded firmware version`, hakuna tatizo. Faili likiwepo kwenye `/lib/firmware` na kosa likaendelea, hasa kwa draiva za picha kama `amdgpu`, huenda moduli inapakiwa mapema kutoka initramfs, ule mfumo mdogo unaotumika mwanzoni mwa kuwaka, ambamo firmwea hiyo haikuingizwa. Ijenge upya kwa `sudo update-initramfs -u` katika Debian na Ubuntu, `sudo dracut -f` katika Fedora, au `sudo mkinitcpio -P` katika Arch. Fanya hivyo pia baada ya kubadilisha mafaili ya `/etc/modprobe.d`, maana initramfs huweza kubeba nakala yake ya zamani.

Kifaa kikirudi, washa upya mara moja ukiwa bado na muda, uthibitishe kwamba kinarudi chenyewe. Na ikiwa kinategemea DKMS, kila kerneli mpya ikisakinishwa tazama `dkms status` kabla ya kuwasha upya, wala usiifute kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB (ile ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha) hadi mpya ionekane imekubali, kwani mashine iliyopoteza mtandao ndiyo ngumu kuliko zote kuipakulia draiva ya mtandao.