Kumpata mwalimu wa gitaa na vyombo vingine Bagamoyo

Kwa mji wa ukubwa wake, Bagamoyo imejaliwa wanamuziki. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Wapo waliokuja kusoma wakamaliza, wakapanga chumba Magomeni au Nianjema na hawakurudi tena kwao. Kumpata mtu anayejua kucharaza gitaa, basi, si kazi. Kazi ni kumpata atakayekaa na mtu asiyejua hata gitaa linashikwaje, wiki baada ya wiki, bila kumkatisha tamaa wala kugeuza kila kipindi kuwa onyesho lake.

Sema unataka nini

Ukimwambia mtu "nataka kujifunza gitaa" hujamwambia kitu. Kwenye muziki wa dansi kuna gitaa la solo linalopiga melodia, la rizimu linalopiga kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) na la besi, na kila moja lina mazoezi yake. Anayetaka kuongoza mapambio kanisani anahitaji kodi na uwezo wa kuhama ufunguo (sauti ya msingi ya wimbo) mwimbaji akianza juu kuliko ilivyotarajiwa. Anayetaka kuimba huku akijipigia mwenyewe anahitaji mkono wa kulia uliotulia kuliko kitu kingine. Mpiga solo hodari wa bendi anaweza akawa mwalimu mbovu kwa huyu wa mwisho, kwa sababu miaka yote kazi ya kodi imefanywa na mwenzake aliyesimama pembeni.

Ukishaamua, andika ujumbe mmoja mfupi utakaowatumia watu wote, kwa mfano: "Habari za leo, Mwalimu. Natafuta mwalimu wa gitaa kwa kijana wangu wa miaka 12, hajawahi kupiga. Anapenda nyimbo za injili. Gitaa tunalo, la nyuzi za nailoni. Tunakaa Dunda, tunaomba Jumamosi asubuhi, dakika 45, hapa nyumbani. Naomba kujua ada yako kwa somo na kama nauli imo." Mwenye nia atajibu yote. Anayejibu "njoo tuongee" tu, bila bei wala swali, mweke mwisho wa orodha.

Pa kuwatafutia

Anzia TaSUBa, maana wanafundisha muziki kwa ngazi ya cheti na stashahada, na huwa na kozi fupi pia. Usiishie getini, omba kuonana na walimu wa muziki, uwaulize ni nani kati ya wanafunzi wao au waliomaliza anafundisha watu binafsi. Mwanafunzi ana faida ya bei na ya kuwa na nadharia kichwani ikiwa bado mbichi. Tatizo lake ni kalenda: mitihani ikikaribia hapatikani, likizo anakwenda kwao, akihitimu anaweza kupotea moja kwa moja. Muulize mapema anamaliza lini. Tamasha la kila mwaka la taasisi hiyo, lililoanza 1982, ni nafasi nyingine nzuri, kwa kuwa siku chache zinakuonyesha wapigaji wengi, na waliotawanyika mikoani wanarudi.

Wanamuziki wa hoteli za ufukweni wanapatikana kirahisi mwisho wa wiki. Subiri wapumzike ndipo umfuate mtu. Usimwite akiwa jukwaani. Walio wengi hulala alfajiri, hivyo ukipangiwa somo la saa mbili asubuhi Jumapili jua kwamba halitakuwapo. Alasiri ya siku za kazi ndiyo saa yao.

Kwa kinanda, nenda kwenye kwaya. Mpapasa kinanda wa kanisa anayefundisha kwaya sauti nne ameshajifunza kusubiri watu wasioelewa haraka, na hiyo ni nusu ya ualimu. Kwa dufu na matari, uliza kwenye vikundi vya kaswida na madrasa.

Kagua gitaa kabla ya kumlaumu mtu

Wanafunzi wengi wanaoacha gitaa mwezi wa kwanza wameshindwa na chombo. Nyuzi zikiwa juu sana ya shingo, vidole vinauma na kodi hazitoki. Kipimo rahisi ni kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76. Hesabu freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) mpaka ya 12, kisha pitisha kadi kati ya chuma hicho na uzi mnene kuliko zote. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, kadi 3 zikiingia kwa kugusa-gusa uko pazuri. Zikiingia 5 na bado zinapwaya, gitaa lipelekwe likarekebishwe kwanza. La nailoni huwa juu kidogo kwa asili yake, kwa hiyo kadi 5 si ajabu.

Mtoto wa miaka 6 hadi 8 mpe gitaa la nusu, wa 9 hadi 11 la robo tatu. Mkono ukinyooka kabisa kufikia freti ya kwanza, gitaa ni kubwa mno. Anayeanza na nyuzi za chuma atafute seti nyembamba, namba 10 au 11. Usiruhusu mtu, hata akiwa mwalimu, aweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Mvuto wake ni mkubwa kuliko linavyoweza kubeba, na daraja (kipande cha tumboni zinapofungwa nyuzi) litang'oka na kipande cha mbao. Hewa ya bahari nayo inakula nyuzi, hivyo pangusa kila moja kwa kitambaa kikavu cha pamba ukimaliza kupiga, gitaa lirudi kwenye mfuko wake, na lisiachwe juu ya kabati chini ya mabati ya moto, kwa kuwa gundi inalegea.

Kama huna chombo bado na mwalimu amejitolea kukununulia Kariakoo, mshukuru, kisha nendeni pamoja. Mlipie nauli na muda wake. Kumkabidhi fedha kunaharibu uhusiano hata pale ambapo hakuna aliyedanganya, kwani gitaa lisipokupendeza huna wa kumrudishia.

Somo la majaribio

Omba somo moja la majaribio, na ulilipie. La bure linamweka mwalimu katika hali ya kujiuza, atakupigia vitu vizuri dakika 30 na utaondoka umefurahi bila kujua kama anafundisha. Ukilipa una haki ya kutazama kazi.

Tazama kwanza kama anatyuni gitaa lako, yaani anaweka nyuzi kwenye sauti zake, kabla ya lolote. Nyuzi, kuanzia nene, ni E, A, D, G, B, E. Anaweza kutumia sikio au programu ya simu, yote sawa, ila akianza kufundisha juu ya gitaa lililopotoka hana sikio au hakujali. Kisha angalia nani kashika gitaa muda mrefu zaidi. Ndani ya dakika 45, kama mwalimu amelipiga zaidi ya 15, hilo lilikuwa onyesho.

Kipimo kikubwa ni pale kitu kinapokwama, na kwa anayeanza kitakwama tu. Chukua kodi ya C. Kidole cha shahada kinabonyeza uzi wa 2 (namba huhesabiwa kuanzia uzi mwembamba) kwenye freti ya 1, na karibu kila mgeni hukilaza kikagusa uzi wa 1, ukafa sauti. Mwalimu mzuri atakwambia upige uzi mmoja mmoja kutoka wa 5 kushuka, usikie mwenyewe ni upi uliokufa. Atakurekebisha kidole gumba nyuma ya shingo ili vidole vya mbele visimame kwa ncha. Uzi ukitetema kwa kukwaruza, atakusogeza karibu na chuma cha freti, maana ukibonyeza mbali nacho nguvu inapotea. Akiona kidole kiko sahihi na uzi bado unakwaruza, atageukia gitaa lenyewe: shingo imepinda, au nyuzi ziko chini kupita kiasi. Mwalimu wa kuepuka atasema "kaza tu" au "utazoea". Unaweza kuzoea, kweli, ila utazoea kosa.

Mwishoni msikilize anavyotoa kazi ya nyumbani. "Fanya mazoezi" si kazi ya nyumbani. Iwe kama hivi: kodi ya G kwenda ya D, metronomu (kifaa au programu ya kuhesabu mipigo) kwenye mipigo 60 kwa dakika, badilisha kila baada ya mipigo 4, dakika 10 kwa siku; ukivuka mara 4 mfululizo bila kosa panda hadi 65.

Vyombo vingine vina mitego yake

Kwenye kinanda, mtego ni kitufe cha kuhamisha ufunguo. Wapo wapigaji wanaojua C peke yake, na wimbo ukiwa kwenye E wanabonyeza kitufe na kuendelea na vidole vilevile. Jumapili inapita vizuri, lakini mwanafunzi akikalia piano isiyo na kitufe hawezi lolote. Mwombe anayejitolea kukufundisha apige wimbo mmoja kwenye C, kisha kwenye D na E flati, kitufe kikiwa kimezimwa. Mwulize pia kama anasoma nota au do-re-mi pekee. Zote zina kazi, ila anayetaka kwenda kusoma muziki baadaye atahitaji nota. Kinanda cha kuanzia kiwe na vibonyezo 61 vinavyotofautisha kubonyeza kwa nguvu na kwa upole, na kama kinakubali betri ni heri, umeme ukikatika somo halifi.

Saksafoni na tarumbeta: kila mtu awe na kipande chake cha kupulizia. Kuchangia ni kubadilishana mate. Anayeanza saksafoni atumie ridi (kile kibanzi kinachotetema mdomoni) namba 1.5 au 2. Akipewa ya 3 midomo itachoka ndani ya dakika 5 na atadhani hana pumzi.

Marimba ya mkono, zeze na ngoma ndiko Bagamoyo inakoizidi miji mingi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, aliishi na kufanya kazi hapa hadi alipofariki mwaka 2003, na muziki wa Kigogo umeota mizizi mjini. Ukitaka kuipiga marimba pamoja na gitaa au kinanda, sema kabla ya kutengenezewa, kwa sababu mpangilio wa sauti wa Kigogo haufuati wa kinanda na vitagombana. Na usidai karatasi. Mafunzo haya huenda kwa sikio na mdomo, hivyo rekodi kwa simu, baada ya kuomba ruhusa.

Anayetaka udi au kanuni, vyombo vya nyuzi vya taarabu, atasafiri. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako vyombo vya taarabu hufundishwa. Baada ya kupata msingi unaweza kuendelea na mwalimu wa huko kwa simu, mkijua kwamba sauti huchelewa njiani na hamwezi kupiga pamoja. Apige yeye, kisha wewe. Programu nyingi za mikutano huona mlio wa chombo kuwa kelele na kuufifisha. Kwenye Zoom kuna mpangilio wa kuacha sauti ilivyo, uwashe. Bando likiwa dogo, rekodi dakika 2 umtumie WhatsApp.

Makubaliano

Lipa kwa mwezi, masomo 4, usilipe miezi mitatu mbele hata kwa punguzo. Piga hesabu nzima: tuseme somo ni shilingi 15,000 na bodaboda ya mwalimu kwenda na kurudi 2,000, mwezi ni 68,000, na nyuzi za akiba juu yake. Andikeni kwenye daftari nini kinatokea mtu asipotokea: akitoa taarifa siku moja kabla, somo linahamishwa, mwanafunzi akikaa kimya linahesabika, mwalimu akikaa kimya linafidiwa. Ramadhani ikaribiapo pangeni saa upya mapema. Mtaani, adhana ikilia chombo kinanyamaza. Majirani watawavumilia mengi mkilishika hilo.

Somo la mtoto lifanyike sebuleni au barazani, mlango wazi, mtu mzima wa nyumbani akiwepo. Mwalimu wa kweli hachukii sharti hili, na anayelichukia asirudi.

Baada ya masomo 8, anayefanya mazoezi awe anatyuni gitaa mwenyewe, anahama kati ya kodi za G, C, D na Em kwenye 60 bila kusimama, na ana wimbo mmoja anaoumaliza. Ikiwa mazoezi yamefanyika na hakuna hata kimoja, zungumza na mwalimu kwanza. Mara nyingine amekuwa akisubiri umwambie unataka wimbo gani. Ukiamua kuhama, muage kwa taarifa ya wiki mbili, mlipe kilichobaki, na umwombe aandike kwenye daftari mlipofikia, ili anayefuata asianze tena na kodi ya C.