Kagua jani kwanza, dawa baadaye: nyanya za uani kando ya Ziwa Victoria

Anayelima nyanya uani kwake Igoma, Buhongwa au Luchelele, hapa Mwanza, akiona jani limegeuka njano, safari yake ya kwanza huwa ya duka la pembejeo. Anaeleza kwamba majani yanakuwa ya njano, anauziwa busta (mbolea ya kupuliza kwenye majani) na kichupa cha dawa ya wadudu, anachanganya vyote kwenye bomba moja na kupuliza. Wiki inapita, mche uko vilevile, hela imekwenda, na watoto wanakula nyanya zilizopulizwa sumu bila sababu. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Jani la njano linaweza kutokana na njaa ya mbolea, maji mengi, maji machache, minyoo ya mizizi, virusi, utitiri au dawa yenyewe. Tiba za vitu hivi hazifanani hata kidogo. Mtu mwenye miche ishirini au thelathini ana nafasi nzuri kuliko mwenye ekari tano, kwa sababu anaweza kuikagua yote, mmoja mmoja, kabla jua halijawa kali.

Limeanza chini au juu?

Hili ndilo swali la kwanza, na ukilijibu vizuri umepunguza kazi nusu. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huweza kuhama ndani ya mmea. Vikipungua, mmea huvitoa kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Kalsiamu, chuma na boroni havihami kirahisi. Upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga na kwenye matunda.

Jani la chini likipauka lote, mishipa pamoja na nyama yake, na mche mzima ukawa mwembamba, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mishipa ikibaki kijani huku katikati yake pakiwa njano, ni magnesiamu. Kingo zikikauka kama zimeunguzwa na moto ilhali katikati bado kijani, ni potasiamu, na mara nyingi huonekana wakati mche umebeba matunda mengi. Miche midogo yenye rangi ya zambarau chini ya majani ina upungufu wa fosforasi. Juu nako, jani changa likiwa njano karibu kuelekea nyeupe na mishipa ikabaki kama wavu wa kijani, hapo chuma hakifiki.

Ninasema hakifiki kwa makusudi, maana mara nyingi chuma kimo udongoni ila mzizi hauwezi kukichukua. Sababu mbili ninakutana nazo sana. Ya kwanza ni majivu ya jikoni. Watu humwaga majivu kwenye bustani kila siku wakiamini ni mbolea, na ni kweli yana potasiamu, lakini yakizidi hupandisha pH ya udongo, yaani hupunguza uchachu wake, na kuufungia mmea chuma na zinki. Nyanya hupenda pH kati ya 6.0 na 6.8. Konzi moja ya majivu kwa mche kwa msimu inatosha. Sababu ya pili ni maji kutuama kwenye udongo mzito wa mbuga: mizizi inakosa hewa, jani linapauka, mwenye bustani anadhani ni kiu na kuongeza ndoo nyingine. Kabla ya kumwagilia, chimbua kwa kidole hadi urefu wa kidole chenyewe. Kama udongo bado umelowa, rudisha ndoo ndani.

Udongo wa huku kwetu una tabia zake. Kwenye miteremko ya mawe, kuanzia Bwiru hadi Butimba na vijiji vingi vya Misungwi, tunalimia luseni, mchanga uliotokana na mawe yaleyale ya graniti. Unalimika kirahisi, lakini haukai na maji wala chakula. Mvua kubwa ya Aprili inaweza kuosha nitrojeni yote uliyoweka wiki iliyotangulia, na ndiyo maana miche hupauka ghafla katikati ya masika. Kwenye luseni usiweke mbolea ya kukuzia yote kwa mpigo. Mbolea ya CAN ya kujaza kizibo kimoja cha soda, kama gramu 5 hivi, inatosha mche mmoja. Iweke sentimita 10 kutoka kwenye shina, fukia, mwagilia, kisha rudia baada ya wiki mbili au tatu. Samadi iliyooza vizuri ndiyo inayobadilisha luseni kweli, na Usukumani ng'ombe hatujapungukiwa.

Pumba za mpunga nazo tunazo tele. Zitandaze juu ya udongo kutunza unyevu, usizichanganye ndani zikiwa mbichi. Zikichanganywa, vijidudu vinavyoziozesha hutumia nitrojeni ambayo mche uliitegemea, na utaona umanjano wa majani ya chini ingawa mbolea uliweka.

Nyanya kuoza kitako ni jambo lingine linalotibiwa vibaya. Doa jeusi, lililobonyea, chini ya tunda: watu hupuliza dawa ya ukungu. Si ukungu. Ni kalsiamu kushindwa kufika kwenye tunda, na kinachoisafirisha kalsiamu ni maji. Miche ya kwenye ndoo na magunia hupatwa zaidi kwa sababu hukauka haraka, halafu ikamwagiliwa mafuriko. Mwagilia kiasi kilekile kila siku, tandaza nyasi kavu, punguza mbolea ya UREA. Maganda ya mayai si mabaya, ila huoza polepole mno kuokoa matunda ya msimu huu.

Geuza jani

Upande wa chini wa jani ndiko yaliko mengi. Lishike kwa kikonyo, ligeuze, lielekeze kwenye mwanga. Ukiona baka jeupe, pana, kama karatasi ya nailoni, na ndani yake punje nyeusi za kinyesi, hapo pana kantangaze. Pasua baka hilo kwa ukucha: utamkuta kiwavi mdogo wa kijani hafifu, mwenye kichwa cha kahawia, hata hajafika urefu wa punje ya mchele. Vijistari vyembamba vinavyojipinda huku na huko ni vya mdudu mwingine, nzi mchimba majani, ambaye madhara yake ni madogo na kwenye bustani ya nyumbani hakuna haja ya kumpulizia dawa. Kantangaze hana huruma. Aliingia Tanzania mwaka 2014, jike mmoja huweza kutaga hadi mayai 260, na dawa nyingi amekwisha kuzizoea. Kwa miche michache, mikono yako ina nguvu kuliko bomba: chuma kila jani lenye baka na kila tunda lenye tundu, uvitie kwenye ndoo yenye mfuniko na kuiacha juani kwa siku kadhaa, au vichome. Usivitupe kwenye shimo la mboji. Maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa husaidia kiwavi akiwa bado mdogo, ukipuliza jioni.

Kati ya Juni na Septemba, kiangazi kikikolea, angalia vidoa vidogo vya njano vilivyotapakaa kama vumbi na utando mwembamba chini ya jani. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri. Dawa za kawaida za wadudu huongeza tatizo kwa kuua wadudu wanaokula utitiri. Osha upande wa chini wa majani kwa maji asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Ikishindikana tumia dawa yenye salfa.

Kujikunja kwa majani kunaogopesha wengi. Majani ya zamani yakijikunja kuelekea juu, yakawa manene lakini kijani, hilo ni joto au umepogolea mno, yaache. Ugonjwa wa rasta ni kitu kingine: majani machanga ndiyo yanayokuwa madogo, yaliyokunjamana, kingo za njano, mche unadumaa na maua yanapukutika. Ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe, na havina dawa. Ng'oa mche huo leo, hata kama unauonea uchungu, na kitalu kijacho kifunike kwa chandarua chenye matundu madogo sana.

Bakajani mapema, ugonjwa wa ukungu, huanza chini pia na huchanganywa na njaa ya potasiamu. Tofauti yake ni madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara. Ondoa majani yanayogusa udongo, funga miche kwenye vijiti, usimwagilie juu ya majani. Mvua zikishika, dawa yenye mankozebu au kopa hukinga, ila haiponyi jani lililokwisha kuoza.

Yakinyauka huku udongo una maji

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, usikimbilie mbolea. Kata shina karibu na ardhi, kipande cha sentimita kama 10, kitumbukize ncha ya chini kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Subiri dakika chache ukiangalia kwa makini. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kuteremka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa mche na udongo wake, na mahali hapo usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili, nyanya chungu wala mnavu kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au vitunguu. Maji yakibaki safi, kagua mizizi. Vinundu vilivyovimba ni minyoo fundo, ambayo hupenda sana mchanga wa luseni, na jani lake hupauka kama lenye njaa ya nitrojeni. Mbolea haitasaidia kitu.

Kuna pia madhara tunayoyaleta wenyewe. Samadi ya kuku mbichi huunguza kingo za majani na mizizi. Iache ioze angalau miezi miwili. Kupuliza dawa saa saba mchana huacha madoa makavu. Na bomba lililobeba dawa ya magugu ya 2,4-D lisitumike kwenye nyanya kamwe: mabaki kidogo tu yanatosha kuyafanya majani kuwa membamba, yaliyosokotwa kama kamba.

Wanaovutiwa na unyevu wa ufukweni wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Chota maji, bustani ikae juu.

Ukishindwa kutambua, mpelekee afisa ugani wa kata sampuli inayosema kitu: jani moja la zamani, moja changa, na mzizi wenye udongo wake, vikiwa vimefungwa kwenye gazeti kavu badala ya plastiki, maana kwenye plastiki vitaoza njiani. Piga picha ya mche mzima na ya majirani zake. Mwambie umepuliza nini na lini, mbolea gani na kiasi gani. Kwa bustani inayorudia tatizo kila msimu, uliza kuhusu kupima udongo. TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, iko Misungwi, si mbali na mjini. Chota udongo sehemu kadhaa za bustani kwa kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kubeba mbolea, na upeleke nusu kilo.