Somo: kuvua na familia kwa mtumbwi hapa Kisumu (soma yote kabla hujaniuliza)

Kila nikiweka picha ya watoto wangu wameshika ngege (tilapia), inboksi inajaa swali lile lile, "mzee hiyo mnafanyaje, mnatokea wapi, mnatumia nini", najibu, halafu wiki ijayo mtu mwingine anauliza hivyo hivyo kama hajawahi kuona chochote nimeandika. Sasa naandika mara moja. Hii si ya wavuvi wenyewe, wale wakiniona na kamwanzi kangu wanacheka tu. Ni ya mtu ako na mtoto wawili watatu na Jumamosi moja, anataka kupeleka watu wake ziwani warudi na mboga ya jioni na warudi wote.

Hatua ya 1: Mtumbwi. Kodisha pamoja na mwenyewe. Usikodi mtumbwi peke yake ati kwa sababu uliwahi kupiga kasia shule. Kabla hamjapanda, usukumwe majini ukae kama dakika kumi bila mtu ndani, halafu uangalie chini. Maji kidogo ni kawaida kwa hizi za mbao, zimezibwa na pamba kati ya mbao na mbao, lakini ikiwa inaingia hata hamjakaa, tafuta mwingine. Uliza pia kopo la kukumbia maji liko wapi. Akikuambia hakuna haja, ujue jibu.

Hatua ya 2: Pitia BMU ya ufuo huo, yaani kikundi kinachosimamia ufuo na wavuvi wake. Wanajua pale samaki wanazaliana na haparuhusiwi, na wanajua nani ametoka na hajarudi.

Hatua ya 3: Laifjaketi kwa kila mtu, ya mtoto iwe saizi ya mtoto. Sitajadili hii.

Hatua ya 4: Vifaa. Mtoto mpe mwanzi na uzi wa nailoni urefu wa mwanzi wenyewe, basi. Boya kata kutoka kwa patipati iliyoisha, uzito tumia nati ndogo, ndoana za namba 8 au 10 (namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, msinunue namba 2 mkidhani ndio ndogo). Chambo ni nyungunyungu, chimba pale maji ya bafu yanamwagika nyuma ya nyumba, uwaweke na udongo wao ndani ya mkebe wenye matundu. Usiwatie maji, wanakufa wananuka na bibi atakufukuza. Ngege anakula pia ugali, ila uukande na unga wa ngano kidogo ushike.

Hatua ya 5: Toka saa 1 asubuhi, jua likishatoka. Saa 5 uwe umekanyaga nchi kavu.

Hatua ya 6: Kukaa. Mzito akae katikati, mtoto akae kati ya watu wazima wawili, hakuna kusimama, hata kama samaki ni mkubwa kama mbuzi.

Hatua ya 7: NANGA. Hapa ndio nilikosea mwenyewe kwa hivyo nitaongea mrefu mnivumilie. Siku hiyo tulikuwa mimi, mama watoto, shemeji yangu, kijana wetu wa miaka saba, na mwenye mtumbwi. Maji pale yalikuwa kama mita nne hivi. Mimi nikajifanya fundi, nikamwambia mwenyewe apumzike nitashusha nanga, yaani jiwe ndani ya gunia, na nikaifunga kwa ule ubao wa katikati niliokuwa nimekalia kwa sababu ndio ulikuwa karibu na mkono, na kamba nikaiacha fupi, mita tano labda, ili tusisogee sogee. Asubuhi yote ikawa sawa, maji yametulia kama chai kwenye kikombe. Saa 5 na kitu samaki ndio wanakula vizuri, nani atataka kurudi, upepo ukageuka, sasa unatoka ziwani unakuja mjini, na mawimbi nao. Mtumbwi uliofungwa mbele ungegeuka wenyewe ukakabili wimbi na pua. Wetu umefungwa ubavuni, kwa hivyo ulikuwa unampa wimbi ubavu, na kila wimbi likituinua ile kamba fupi inakaza inavuta ule upande chini, maji yanaingia, linakuja lingine, yanaingia tena. Nikajaribu kufungua fundo, wapi, limelowa limekaza kama chuma. Kisu kiko ndani ya mfuko wa samaki, mfuko uko chini ya chapati, chapati zinaelea. Na nyuma ya mawimbi gugu maji linakuja polepole kama mkeka unasukumwa. Mwenye mtumbwi ndiye alikata kamba, tukaacha jiwe letu huko mpaka leo, tukakumba maji na sufuria ya chai. Shemeji hapandi tena mtumbwi, hata ule wa kupiga picha ufuoni.

Kwa hivyo: funga nanga MBELE, kwenye pua, si ubavuni na si nyuma (nyuma mtu amekaa, ni pazito, maji yanaingia haraka zaidi). Kamba iwe mara tatu ya kina au zaidi, maji ya mita nne beba mita kumi na tano, kamba ndefu inavuta kwa kulala haivuti kwenda chini. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta ncha moja. Kisu kikae mahali mkono wa mtu wa mbele unafika, si kwa mfuko. Na ukiona gugu linasogea upande wenu usingoje lifike ndio useme twende. Likishawazunguka kasia halifanyi kazi, na usishuke kusukuma, chini ya ile majani hakuna pa kukanyaga. Simu ikae ndani ya karatasi ya plastiki iliyofungwa, mpigie mtu wa ufuoni, mketi.

Hatua ya 8: Mahali. Ukingo wa mafunjo ni pazuri kwa ngege, lakini ni pazuri kwa kiboko pia. Usiku anapanda nchi kavu kula nyasi, alfajiri anarudi majini, ndio sababu nimesema jua litoke kwanza. Msikae kati yake na maji ya kina au kati ya mama na mtoto wake. Ukisikia ule mkoromo wake hamisheni, hata kama samaki wanakula.

Hatua ya 9: Kutoa ndoana. Okoko (yule samaki wa ndevu) ana miiba mgongoni na ubavuni, mshike na kitambaa. Mbuta (sangara) angalia kifuniko cha shavu, kinakata. Kamongo (yule mrefu kama nyoka) anauma, na akiuma haachi, mwachie mwenye mtumbwi. Mbuta chini ya sentimita 50 rudisha majini, hiyo ni sheria ya ziwa, na juu ya 85 pia, ingawa huyo na mwanzi wako hamtaonana.

Maswali sasa.

Kevo wa Kondele: Mkubwa, ni saa ngapi poa ya kutoka?

Hatua ya 5.

Kevo wa Kondele: Na kurudi?

Hatua ya 5, sentensi ya pili. Somo lote halijafika hata kurasa tatu omera.

Mama Pendo: Asante baba kwa kuandika. Nilitaka kuuliza, kwa nini upepo unageuka mchana? Kijana wangu ameniuliza nikakosa jibu.

Mama, hili swali nimelipenda. Mwambie hivi: jua likipiga, nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi inapata joto inapanda, na ile ya ziwani iliyo baridi inakuja kujaza nafasi, huo ndio upepo wa mchana. Usiku inakuwa kinyume, nchi inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, upepo unatoka nchi kavu unaenda ziwani. Ndio maana wavuvi wa tanga wanatoka na upepo wa alfajiri na wanarudishwa na wa mchana bila kupiga kasia sana. Na sisi Kisumu tuko mwisho kabisa wa ghuba, kwa hivyo chochote upepo wa mchana unasukuma, gugu likiwemo, kinaishia kwetu. Mfanyie jaribio, aweke sufuria ya maji na sahani ya mchanga juani saa moja, aguse zote mbili.

Jabali254: Mimi nimevua hapa miaka kumi sijawahi vaa jaketi na niko hai. Mnatisha watu bure.

Sawa. Somo ni la watu wanabeba watoto. Wewe kama unabeba kiburi tu, ni chepesi, kitaelea.

Jabali254: Sijatukana mtu.

Na mimi pia. Vaa jaketi.

Nax_Mrembo: Niko Nakuru, naweza leta watoto tuvue Ziwa Nakuru badala ya kuendesha mpaka Kisumu?

Hapana dada. Lile ni ziwa la magadi na liko ndani ya mbuga ya taifa. Tilapia wadogo wamo, waliletwa kutoka upande wa Magadi, lakini hao ni chakula cha ndege. Enda Naivasha, ni kaunti yako hiyo hiyo na maji ni matamu. Kuna ngege na kuna kapu wengi (yule samaki mnene wa magamba makubwa, anapenda unga uliokandwa). Viboko Naivasha ni wengi pia, kwa hivyo hatua ya 8 uisome mara mbili, na boti ukodi na mwenyewe.

Otis: Watoto wakichoka kuvua wanaweza kuruka waogelee kidogo?

Mimi sikubali, na si kwa sababu ya kiboko tu. Kuna kichocho. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye majani ya ukingoni, vijidudu vinatoka kwao vinapita ngozi mtu akiwa ndani ya maji, hauhisi kitu. Kama wameshaogelea usipige kelele, wapeleke wapimwe baadaye, dawa iko na inatibu. Hata sisi tukisukuma mtumbwi tunavaa gambuti.

Mama Pendo: Tumefanya jaribio, mchanga ulimchoma kidole! Sasa swali la jikoni, ngege wangu wakati wa kukaanga anashika sufuria na kuvunjika. Nakosea wapi?

Hahaha mwambie pole. Ngege hapo, kwanza mpanguse maji na kitambaa mpaka awe mkavu kabisa, mchanje ubavu mara tatu, chumvi, umwache juani au kwa upepo nusu saa. Mafuta yawe moto kweli, tumbukiza kijiko cha mti, kikitoa mapovu pembeni yako tayari. Halafu usimguse. Watu wanageuza mapema. Akiwa tayari kugeuzwa anaachia sufuria mwenyewe, ukivuta na akakataa, mwache.

Kevo wa Kondele: Na chambo ni gani?

Kevo.

Otis: Kevo njoo Jumamosi utuchimbie nyungunyungu, utakumbuka.

Mama Pendo: Na hiyo harufu ya nyungunyungu kwa mikono inatoka na nini?

Majivu na ndimu, usianze na sabuni. Na chini ya kucha tumia mswaki mzee.