Ndugu amekamatwa Houston? Anzia jela, si mahakamani

Jamaa akikamatwa Houston, wengi hukimbilia kupiga simu mahakamani. Kesi huenda bado haijaingia kwenye mfumo. Anzia tovuti ya sherifu wa Harris County, kaunti ya Texas ulimo mji wa Houston; ndiye anayeendesha jela ya kaunti. Kuna sehemu ya kutafuta wafungwa bila malipo, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa.

Hapo kwenye jina ndipo sisi hukwama. Mtu mwenye majina matatu huandikwa hivi leo, vile kesho: jina la babu limekuwa la ukoo, au herufi moja imeruka. Jaribu kila mpangilio. Na kama alikuja kama mkimbizi, jaribu pia tarehe 1 Januari, maana wengi wetu "tulizaliwa" siku hiyo kwenye makaratasi!

Ukishampata, nakili namba yake ya SPN, yaani namba ya utambulisho anayopewa na kaunti. Ni ya mtu, si ya kesi, na itakusaidia kwenye tovuti ya Harris County District Clerk (karani wa mahakama), inakotunzwa mafaili ya kesi za jinai. Makosa madogo ya faini tu hayako huko. Hayo ni ya mahakama ndogo za Justice of the Peace au za manispaa.

Akishikiliwa na ICE, idara ya uhamiaji ya Marekani, wana kitafutio chao: weka namba ya A (namba yake ya uhamiaji) na nchi aliyozaliwa.

Zile tovuti zinazodai hela "kufungua rekodi"? Zipite tu.